Mama Mkunga anajibu: kujifungua bila mtu wako kando

Barua zilizonifikia mwezi huu hapa Bukavu karibu zote zinazunguka jambo moja: mwanamke aliyefika maternite (wodi ya wazazi) peke yake, au anayeogopa kufika hivyo.

Mume wangu yuko Kamituga kwenye dhahabu, mama yangu yuko Uvira, nami natarajia kujifungua mwezi ujao. Je, ni lazima niwe na mtu? (Kadutu)

Si lazima, ila usikubali kukosa mtu kwa sababu tu mume hayupo. Wengi hudhani nafasi ile ni ya mume, akikosekana ni ya mama mkwe, na hao wawili wasipopatikana basi haina mwenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza kila mwanamke awe na mtu anayemtaka mwenyewe tangu uchungu unapoanza hadi amejifungua. Halikusema awe ndugu. Uchambuzi uliokusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000 ulionyesha kwamba wanaokaa na mtu kando yao muda wote hujifungua kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, hupasuliwa mara chache zaidi, na uchungu wao huwa mfupi kidogo. Mimi nimemwona muuza sambaza (samaki wadogo) wa Nyawera akimsugua jirani yake kiuno kwa kiganja kila uchungu ulipopanda, toka saa tatu ya usiku mpaka alfajiri, akimnywesha chai kwa kijiko na kumwambia neno lile lile: "Pumua, tuko pamoja." Hakuwa ndugu wa mtu yeyote mle ndani.

Kwa hiyo mchague wako sasa, si siku ile. Awe mtu asiyeogopa damu, asiyezima simu usiku. Nenda naye siku ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito, aijue njia na mlango. Patana na mwenye pikipiki mmoja anayekubali kutoka usiku, kwani mvua ikinyesha, miteremko ya Kadutu haimngoji mtu atafute namba. Fedha na nguo za mtoto ziwe katika mfuko mmoja, na yeye ajue mfuko huo ulipo. Nanyi wenye vituo vya afya, nawaambia bila kuulizwa: mtu huyo si mfanyakazi wenu wa bure. Mkimtuma maji, dawa na karatasi usiku kucha, mmemwacha mama peke yake.

Mume anaruhusiwa kuingia? (Nguba)

Inategemea chumba. Penye vitanda vitatu bila pazia, wanawake wengine nao wana haki ya kutotazamwa na mume wako. Uliza siku ya CPN, si usiku wa uchungu.

Mama mkwe anataka kuingia pamoja nami, maana anasema mtoto akichelewa kutoka ni kwamba mama ameficha wanaume na ni lazima awataje. Ni kweli? (Bagira)

Swali hili nimelijibu mara ambazo sizihesabu tena, na kila linaporudi uvumilivu wangu unapungua. Si kweli. Mtoto hukwama kwa sababu kichwa chake hakilingani na nyonga ya mama, au amelala vibaya, au kizazi kimechoka kusukuma. Mkunga huyatambua hayo kwa vidole vyake, kwa saa iliyoko ukutani, na kwa karatasi anayoandika jinsi njia inavyofunguka. Hakuna mahali katika karatasi hiyo pa kuandika majina ya wanaume. Kinachotokea wakati wa kuhojiwa ni kwamba mama aliyetishwa hukaza mwili na kuficha maumivu yake, na muda wa kumpeleka kwenye upasuaji hupotea huku watu wakingoja majina. Wako waliotaja wanaume ambao hawakuwahi kuwagusa, ili waachwe tu, kisha wakatoka na mtoto mikononi wakakuta ndoa imekwisha. Mama mkwe wa namna hiyo akae nje. Mwambie mkunga mapema, kwa sauti ndogo. Sisi tunajua kumtoa mtu mzima chumbani bila kumvunjia heshima. Kujifungua na mkunga peke yake ni bora kuliko kujifungua mbele ya hakimu.

Nikihitaji kupasuliwa na mume hayupo, nani atatia sahihi? (Panzi)

Wewe, maadamu ni mtu mzima na una fahamu zako. Sheria ya Familia ya Kongo iliporekebishwa mwaka 2016 iliondoa hata ile ruhusa ya mume ambayo mke alihitaji katika mambo yake ya kisheria. Anayetafutwa kwa simu mara nyingi ni mlipaji, si mwenye kuridhia, kwa hiyo jadilini gharama tangu CPN.

Mtoto wa tatu nilimzaa nyumbani peke yangu kwa nusu saa, na sote tukawa wazima. Wa nne je? (Kadutu)

Hapana. Mtoto kutoka salama ni nusu ya safari. Damu ikipita nusu lita ni hatari, na wengi wanaokufa kwa kutokwa damu baada ya kuzaa hufa ndani ya saa 24 za kwanza. Maternite kuna sindano ya oksitosini, yuniti 10, inayochomwa mara mtoto anapotoka. Nyumbani hakuna hata wa kukuambia kwamba kitenge ulichokilalia kimelowa. Kwa kuwa unazaa haraka, toka mapema. Ukishtukizwa, mwite jirani kwa sauti, mkaushe mtoto, mweke kifuani ngozi kwa ngozi na mjifunike. Usivute kitovu wala usikikate kwa wembe wa nyumbani. Njooni hivyo hivyo. Ukishafika, usitoroke kabla ya saa 24, hata kama watoto wanakungoja.

Mke wangu alijifungua nikiwa kazini, na tangu hapo hanisemeshi. Nifanye nini? (Ibanda)

Muulize usiku ule ulikuwaje, kisha unyamaze mpaka amalize. Habari za barabara mbovu zingoje siku nyingine.