Dola 300 za likelemba na mwenzetu anayegombea

Swali: Tuko Portland, Maine, akina mama wa likelemba moja, yaani upatu wa kuchangiana na kupokea kwa zamu. Mwenzetu anagombea Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa mfumo wa Uchaguzi Safi. Tumpe dola 300 kutoka kwenye kasha? Mimi nina grini kadi, wengine bado wanangoja hifadhi.

Jibu: Msimpe, dada, angalau si kutoka kwenye kasha.

Mfumo huo, uliopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1996, unahesabu watu. Mgombea wa baraza hilo lazima apate wapigakura 60 walioandikishwa katika wilaya yake ya uchaguzi, kila mmoja atoe dola 5, ndipo jimbo limgharimie kampeni. Kwa mwanamke asiye na marafiki matajiri, mimi sijaona mlango mzuri kuliko huo.

Najua hesabu mliyokwisha kupiga: 60 mara 5 ni 300 kamili, basi kasha liwalipie wote! Msithubutu. Kila mtoaji hutia saini kwamba zile tano zimetoka mfukoni mwake. Mkimrudishia baadaye, au mkimshikisha noti mlangoni, saini hiyo ni ya uongo na mwenzenu ndiye atakayeumia. Isitoshe, hizo tano haziendi kwake, zinaingia mfuko wa jimbo.

Wewe, kwa kuwa si raia, hupigi kura, kwa hiyo tano yako haihesabiki. Lakini mwenye grini kadi anaruhusiwa kuchangia. Kabla jimbo halijamthibitisha kwamba ametimiza masharti ya mfumo huo, mgombea anaweza kupokea fedha za kuanzia, hadi dola 100 kwa mtu, zisizidi 1,000 kwa jumla. Toa kwa jina lako mwenyewe. Ukivuka dola 50, anwani na kazi yako vitaandikwa, na yeyote anaweza kusoma.

Wanaongoja hifadhi wasitoe hata senti. Sheria ya Marekani inawakataza katika chaguzi za ngazi zote. Na kama una dada nje ya nchi, tuseme Goma kule Kongo, naye asikutumie fedha za kupenyeza kwa jina lako. Kujitolea bila malipo wanaweza: wapike sambusa, wapange viti. Ila unga na nyama anunue mwenye haki ya kuchangia, maana chakula nacho kinaweza kuhesabiwa mchango, na vikao vya kuamua mambo ya kampeni wasikae.

Kwa hiyo kasha libaki na zamu zake. Nyinyi bisheni hodi kwa majirani wenye kura, kabla ya 20 Aprili kama amesimama kwa tiketi ya chama. Mtafute 70, maana wapo watakaokutwa hawakuandikishwa.