Darubini ya laki nane au ya milioni sita? Maswali ya wasomaji

Maswali mengi ya karibuni yamehusu darubini za mkononi, na wengi waliouliza ni vijana wanaoingia kazi ya kuongoza watalii. Swali la mwisho ni la bunduki, na nimelijibu kwa sababu jambo lenyewe ni zito.

Shikamoo. Nimemaliza chuo na naanza kuongoza wageni Serengeti. Nina laki nane. Wenzangu wenye darubini ghali za Swarovski wanasema nisubiri hadi nipate hela ya kununua kama zao. Nisubiri? (Karatu)

Marahaba, mwanangu. Usisubiri. Kwa laki nane unaweza kupata 8x42 nzuri ya daraja la kati, mfano Nikon Monarch au Vortex Diamondback, na utafanya nayo kazi ya heshima kabisa.

Nikueleze kwa nini. Katika 8x42, namba 8 ni mara ambazo kitu kinakuzwa, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 upate 5.25: huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika kwenye jicho lako. Sasa, kwenye jua la saa sita pale Seronera mboni ya jicho husinyaa hadi milimita mbili au tatu. Mwanga mwingi unaoletwa na darubini hauingii jichoni, iwe ya bei gani. Halafu joto likishaanza kupanda kutoka ardhini, picha hutetemeka kwa mwenye darubini ya dola 2,500 sawasawa na inavyotetemeka kwako.

Fedha nyingi hujilipa asubuhi kabla jua halijatoka na jioni likishazama, chui anaposhuka mtini na mboni yako imepanuka. Hapo ndipo ubora wa vioo, na wa utando mwembamba uliopakwa juu yake, unapoonekana. Utaona pia kwamba tai aliye mbele ya anga jeupe hana ule ukingo wa zambarau, na picha ni kali hadi pembezoni. Ni tofauti ya kweli, sitaidharau, na mtu anayeishi kwa macho yake miaka ishirini ana haki ya kuitamani. Lakini hatua kutoka darubini ya elfu hamsini kwenda ya laki nane ni kubwa kuliko ile ya kutoka laki nane kwenda milioni sita.

Kariakoo nimeona ndogo ya mfukoni imeandikwa 30x60, na muuzaji anasema inaona hadi mita 1,000. Bei elfu arobaini na tano. Ni nzuri? (Dar es Salaam)

Iache, dada. Chukua rula upime lenzi ya mbele. Kama haifiki milimita 60, na kwenye za mfukoni mara nyingi ni ishirini na kitu tu, basi maandishi yanadanganya, na hiyo 30 nayo usiiamini. Kifaa kinachokuza mara 30 kweli hakishikiki kwa mkono, kinahitaji stendi ya miguu mitatu.

Kuhusu mita 1,000, bila shaka pameandikwa kitu kama 126m/1000m. Maana yake ni kwamba ukitazama mahali palipo umbali wa mita 1,000, utaona eneo lenye upana wa mita 126. Haihusiani na mwisho wa kuona. Na ukikuta lenzi zinang'aa wekundu kama rubi, ujue utando huo unarudisha nje mwanga mwekundu. Picha inakuwa na giza na rangi zinapotea.

Mara 8 au mara 10? (Arusha)

Nane. Kila mtetemo wa mkono hukuzwa pamoja na mnyama, na ndani ya gari wageni hawatulii. Ya mara nane pia hukupa eneo pana zaidi, kwa hiyo ndege hakupotei.

Navaa miwani na kila darubini naona duara dogo tu katikati. (Nairobi)

Kabla ya kuuliza bei, uliza umbali wa jicho, yaani nafasi kati ya lenzi ya nyuma na jicho. Tafuta milimita 16 au zaidi, na uteremshe vikombe vya mpira kabla ya kutazama.

Natazama ndege msitu wa Amani. Nina laki tatu tu, na darubini yangu ya zamani imeota kuvu. Nifanyeje? (Tanga)

Nunua ile ya umbo la zamani, yenye mabega, ambayo lenzi za mbele zimeachana kuliko za nyuma. Mpangilio huo wa prizimu, yaani vioo vya ndani vinavyogeuza picha isimame wima, ulitokana na Mwitaliano Ignazio Porro, aliyeusajili mwaka 1854, na kwa fedha ndogo bado sijaona wa kuushinda. Darubini za mirija iliyonyooka hugawa mwanga nusu mbili ndani yake, na nusu hizo hutoka zikiwa hazipatani. Picha inafifia ukali. Dawa yake ni utando maalumu kwenye prizimu, ambao Zeiss waliuleta mwaka 1988, na zile za bei ya chini kabisa mara nyingi hazina. Zenye mabega haziuhitaji. Kwa hiyo fedha yako yote inakwenda kwenye vioo, na chini ya miti ya Usambara Mashariki unahitaji kila chembe ya mwanga.

Dukani, ishike mbali na uso na uielekeze angani. Utaona viduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za nyuma. Viwe mviringo kamili. Vikiwa na kona za kijivu, prizimu ni za kioo hafifu. Kisha tazama waya wa umeme huku ukiisogeza darubini polepole kutoka machoni. Waya ukigawanyika, mmoja ukawa juu ya mwingine, mirija haijaelekea mahali pamoja, na utaondoka na maumivu ya kichwa.

Kuvu hupenda unyevu na giza, kwa hiyo usiifungie kwenye mkoba wa ngozi. Weka kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, vilivyo vikavu. Ukipata inayojazwa naitrojeni, ndani yake hapaingii unyevu, ila bei hupanda kidogo.

Nafanya kazi kambi ya uwindaji. Mteja mmoja mwenye kibali alikuja na darubini ya bei rahisi juu ya bunduki ya .375, akadai kuona ni kuona tu. Je, ni sawa? (Morogoro)

Hapana, na hapa sina ushauri wa daraja la chini. Darubini ya mkononi ikiwa mbovu unakosa kuona. Ya bunduki ikiwa mbovu, nyati anajeruhiwa na kukimbilia kichakani, na wewe na mwindaji bingwa ndio mnaomfuata nyati huyo kwa miguu. Bunduki ya .375 hurudi nyuma kwa nguvu kila inapofyatuliwa, na darubini dhaifu huhama shabaha kidogo kidogo bila mtu kujua. Inatakiwa imara, yenye vishikizo imara, umbali wa jicho usiopungua sentimita tisa ili isimpasue mtu nyusi, na ukuzaji wa chini unaoanzia mara moja au moja na nusu. Mwombeni kila mteja apige shabaha kambini kabla ya kuingia porini, hata kama aliipima kwao kabla ya safari ya ndege.

Na asitafutie wanyama kwa darubini ya bunduki, kwa sababu popote anapotazama mtutu nao unaelekea huko, na huko wanaweza kuwa watu. Mpeni ya mkononi.