Manda hapotei kwa sababu ya fimbo: kwa anayeanza kuvua kwa nzi bandia

Mwezi wa nane ukikaribia, vijana wa hapa Lubumbashi huniuliza wanunue fimbo gani ya kuvulia manda kwa nzi bandia. Mimi huwajibu waanze na mkono wa kushoto. Manda, yule samaki wa milia meusi ambaye meno yake yanaonekana hata akifunga mdomo, hupotea pale pale anapouma, na hakuna fimbo ya bei kubwa itakayokurudishia.

Uvuvi huu una jambo moja linalowachanganya waliozoea kurusha kwa uzito wa risasi na chambo cha samaki mdogo. Nzi bandia ni singa chache zilizofungwa kwenye ndoano, haina uzito wa kujirusha. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, nao huibeba nzi nyuma yake. Ndiyo maana mishipi na fimbo hupewa namba za uzito, na lazima zilingane. Kwa manda wa mito ya Luapula au Zambezi chukua namba 8 au 9, fimbo ya futi 9. Unaporusha nyuma, subiri mshipi unyooke kabisa ndipo ulete mkono mbele. Ukiharakisha utausikia ukilia kama mjeledi, na hapo nzi imeshakatika. Jifunzie kwenye uwanja wa mpira asubuhi kabla watoto hawajafika, ukiwa umefunga kipande cha uzi wa sufu badala ya ndoano. Safari ya gharama si mahali pa kujifunzia kurusha.

Sasa huo mkono wa kushoto. Wazungu wengi wamejifunza kwa trauti, samaki wa mito ya baridi mwenye mdomo laini. Trauti akiuma, unanyanyua fimbo na ndoano inaingia. Mdomo wa manda ni mfupa na meno. Ukinyanyua fimbo inapinda, inameza nguvu yako yote, na ndoano inateleza juu ya mfupa. Kwa hiyo shusha ncha ya fimbo hadi karibu iguse maji, ielekee kule nzi iliko. Mshipi upite chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na kushoto uvute kwa haraka, mivuto mirefu, maana manda hukimbiza kinachokimbia. Akipiga, usibadilishe kitu: endelea kuvuta kwa kushoto, kwa nguvu, mara mbili au tatu, mpaka uhisi uzito. Ndipo fimbo ipande. Nimekaa kwenye mitumbwi pamoja na wageni hodari, watu waliovua nchi nyingi, na msukuma mtumbwi akawapigia kelele siku nzima: “Vuta kamba, papa! Usinyanyue!” Mwili hausahau upesi ilichozoea mikono. Uurudie mwendo huo nyumbani hadi ukuchoshe.

Akishanasa ataruka juu na kutikisa kichwa, kisha atakimbia na mshipi. Tazama miguu yako: mshipi uliolala sakafuni mwa mtumbwi usiukanyage.

Kuhusu vifaa vingine sitasema mengi. Weka waya wa chuma wa sentimita 20 au 30 kati ya mshipi na ndoano, la sivyo meno yatakata kila kitu. Beba tupa ndogo uinoe ndoano mara kwa mara, hata ikiwa mpya. Nzi unaweza kufunga mwenyewe: singa za mkia wa mbuzi, nyeupe na nyeusi, pamoja na nyuzi za kumeta za mapambo ya Noeli. Zinavua vizuri, na zikitafunwa huumii moyo.

Manda huwinda kwa macho, basi tafuta maji maangavu. Kwetu Katanga ni miezi ya mwisho ya kiangazi, wa nane hadi wa kumi, maji yakiwa yamepungua na joto likipanda. Mwezi wa sita na wa saba baridi humfanya mzito, na mvua zikishakolea mto unageuka matope. Mtafute mpakani mwa maji ya kasi na maji yaliyotulia, na chini ya miporomoko kama ile ya Mambilima kwenye Luapula, juu kidogo ya Kasenga. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kuelekea kambi za Zambezi, kumbuka kwamba Zambia hufunga uvuvi sehemu nyingi za nchi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Ndugu mkubwa wa manda, mbenga, wa Lualaba na mto Kongo, ni habari nyingine: mwaka 1988 alivuliwa mmoja wa kilo 44. Fimbo namba 8 haimtoshi.

Maisha ya kambini yanafuata jua. Kahawa saa kumi na moja alfajiri, mtoni hadi saa nne, kisha kivuli mpaka alasiri. Umeme ni wa saa chache. Usivae nguo za buluu au nyeusi, ndorobo huzipenda sana. Usiingie majini hata kufika magotini, hata kama video zote ulizotazama zinaonyesha wavuvi wamesimama mtoni: huko kwao hakuna mamba wala kiboko, kwetu wapo. Usiku chandarua, kila usiku.

Halafu kuna suala la kumwachia samaki. Kambi nyingi zinadai hivyo, na kwa mtu aliyekua akingoja samaki wa Kasenga afike sokoni, kurudisha chakula majini kunauma. Mimi naona hivi: manda wakubwa ni majike, ndio wenye mayai, hao waachie. Bana kipingo cha ndoano, ule mwiba mdogo wa nyuma ya ncha, kwa koleo ili itoke upesi, na usimshike juani kwa ajili ya picha nyingi. Mdogo mmoja wa jioni, kambi ikiruhusu, si dhambi. Ana miiba mingi, kwa hiyo mpishi amchanje mistari ya karibu karibu kabla ya kumkaanga, aliwe na bukari ya moto na sombe.

Siku ya kuondoka, mpe msukuma mtumbwi chake mkononi mwake mwenyewe, na umwachie ndoano na waya vilivyobaki. Madukani karibu naye hazipatikani.