Kwa mnaoanza kazi kwenye kampuni za kubeti

Wadogo zangu, wengi wenu mmeomba kazi hii kwa mapenzi ya mpira. Mshahara wenu, hata hivyo, unategemea leseni na namba ya Paybill, ile ambayo wateja wanalipia kwa M-Pesa. Someni historia ya SportPesa mtaelewa.

Ilianza Kenya mwaka 2014. Mwenye mulika mwizi aliweka dau kwa M-Pesa na kutuma mkeka wake kwa SMS. Hadi 2017 jina hilo lilikuwa kifuani mwa Gor Mahia, Simba, Yanga na Everton. Julai mwaka huo Everton walitua Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, Wayne Rooney akafunga, Uwanja wa Taifa ukalipuka kwa shangwe. Julai 2019 serikali ya Kenya ikakataa kuhuisha leseni za kampuni 27, SportPesa ikiwamo, na Safaricom, wenye M-Pesa, ikaagizwa kufunga Paybill zao. Septemba SportPesa ikasimamisha shughuli zake Kenya. Ilirudi baadaye, lakini mamia ya wafanyakazi walikuwa wameshapoteza kazi.

Kiini cha ugomvi wa serikali na kampuni hizo kilikuwa kodi, hasa maana ya neno “ushindi”. Mteja akiweka 100, mkeka ukalipa mara mbili, anapata 200. Kodi ya wakati huo ya 20% ikikatwa kwenye faida tu ni shilingi 20. Ikikatwa kwenye fedha zote anazopokea, dau lake likiwamo, ni 40. Jifunzeni hesabu hiyo wiki ya kwanza, maana mteja atawauliza.

Mimi nilikuwa dawati la simu, kampuni nyingine. Leseni zilikuwa zinaisha 30 Juni na sikuwa najua, kwa kuwa sikuwahi kuuliza. Paybill yetu ilipofungwa, mzee mmoja alinipigia: ana shilingi 340 kwenye akaunti, anazitaka kwa nauli ya mtoto. Tulikuwa tumeelekezwa kusema “mtandao una shida kidogo”. Nikamwambia hivyo. Alipiga mara nne siku hiyo, na kila mara alinishukuru kabla ya kukata. Bado inaniuma.

Yakiwafika, msiseme hivyo. Mwambie mteja Paybill imefungwa, mtumie SMS inayoonyesha salio lake abaki na ushahidi, na namba yake iandike kwenye daftari lako mwenyewe, kwa sababu siku mfumo ukizimwa hutaweza kumpata tena.