Bledi ya meno 100 kwa akriliki, mbao za kompositi na faibaglasi: kwa nini siishauri

Ndugu mwuliza swali, umeeleza kwamba una msumeno wa meza wenye bledi ya inchi 10 na meno 24 ya kupasulia mbao, kwamba karatasi zako za akriliki (plastiki ngumu, angavu kama kioo) humenyeka kingo na wakati mwingine huyeyuka na kugandana tena nyuma ya bledi, na kwamba umeshauriwa ununue bledi moja ya meno 100 itakayokata akriliki, mbao za kompositi na faibaglasi (nyuzi za kioo zilizoshikizwa kwa gundi). Kwa jinsi nilivyozoea kukata bidhaa hizi, siungi mkono ushauri huo. Nitaeleza sababu kwa urefu kidogo, kwa kuwa idadi ya meno ndiyo huangaliwa kwanza dukani, ilhali peke yake haitoshi kuamua jambo.

Plastiki hupitisha joto kwa shida sana. Chuma kinapokatwa, joto husambaa haraka ndani ya kipande chenyewe, lakini katika plastiki hubaki palepale penye mkato. Akriliki huanza kulainika inapokaribia nyuzi 105 za Selsiasi, na PVC ngumu hulainika mapema zaidi, karibu nyuzi 80, kwa hiyo halihitajiki joto kubwa ili mambo yaharibike. Jino linalong'oa chembe nene kiasi huondoka nayo pamoja na sehemu kubwa ya joto lake. Jino linalokwangua tu hutoa vumbi laini na kuliacha joto nyuma.

Piga hesabu. Tuseme msumeno wako huzunguka mara 4,000 kwa dakika na bledi ina meno 80: meno 320,000 hupita kwenye mkato kila dakika. Ukisukuma karatasi kwa mwendo wa mita 3 kwa dakika, kila jino hukata takriban milimita 0.009 tu. Kwa meno 100 kiasi hicho hushuka hadi milimita 0.0075, na kwa meno 40 hupanda hadi karibu 0.019. Maana yake ni kwamba kadiri meno yanavyoongezeka ndivyo unavyolazimika kusukuma kwa kasi zaidi ili meno yaendelee kukata badala ya kusugua, na kwa mkono, kwenye msumeno wa meza, kasi hiyo ina mpaka wake. Karatasi ikiwa nene tatizo huzidi, kwa sababu meno yaliyosongamana huacha nafasi ndogo kati yao ya kubebea chembe. Ndiyo maana mimi hutumia meno 60 hadi 80 kwa akriliki ya milimita 3 hadi 6, na hupunguza meno kadiri unene unavyopanda. Katika karatasi nyembamba hali ni kinyume: meno yakiwa machache mno, jino moja huingia kwa kishindo kabla jingine halijafika, na hapo ndipo kingo hupasuka.

Umbo la jino lina uzito kuliko idadi. Bledi nyingi za kukatia mbao zina meno yaliyochongwa mshazari kwa kupokezana, moja kushoto na jingine kulia, na ncha zake kali hukata nyuzi za mbao vizuri sana. Kwa akriliki, ambayo haina nyuzi, ncha hizo huchokoa vipande. Tafuta bledi ya kabaidi (yaani yenye ncha za meno za kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida) ambayo meno yake hupokezana kwa namna nyingine: jino moja limepunguzwa pembe zote mbili na ni refu kidogo, hivyo hufungua njia katikati, na linalofuata ni bapa na fupi kidogo, hivyo husafisha pande mbili zilizobaki. Kila jino hufanya kazi nyepesi. Muuzaji akikuonyesha bledi ya kukatia alumini au mbao zilizofunikwa kwa laminati, mara nyingi ndiyo hiyo.

Angalia pia mwinamo wa jino kuelekea mbele. Bledi ya kupasulia mbao kama yako mara nyingi huwa na mwinamo wa karibu nyuzi 20, unaoifanya ivute kipande kwa nguvu. Kwa plastiki chukua mwinamo mdogo, kati ya nyuzi 5 chini ya sifuri (yaani jino limeinama nyuma kidogo) na 10 juu yake. Kwa msumeno wa kushusha kwa mkono ningechagua ulio chini ya sifuri bila kusita, kwa sababu bledi inayopenda kuvuta inaweza kukinyakua kipande mkononi. Vilevile epuka bledi nyembamba mno, kwani hutetemeka inapopata joto na ubavu wake huanza kusugua kuta za mkato.

Bledi ikishapatikana, acha filamu ya kinga juu ya akriliki, inua bledi ipite unene wa karatasi kwa kiasi kidogo tu, na usisimame katikati ya mkato. Polikaboneti, plastiki nyingine angavu, haipasuki kirahisi, ila hunata. Bledi hiyohiyo huimudu ukisukuma bila kusita.

Mbao za kompositi, zile za unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, hazina makuu: bledi ya kawaida ya kabaidi yenye meno karibu 40 inatosha.

Faibaglasi ni habari nyingine kabisa. Gundi yake ikishakauka haiyeyuki, lakini kioo kilichomo husaga makali ya kabaidi upesi, na bledi uliyoinunulia akriliki itakuwa butu kabla hujamaliza kazi. Tumia bledi yenye ukingo wa chembe za almasi au yenye meno ya almasi, nayo itakufaa pia kwa bodi za saruji na nyuzi. Usiipeleke bledi ya ukingo wa almasi kwenye akriliki, kwa kuwa husugua na kuyeyusha. Vumbi la faibaglasi huwasha ngozi na kuumiza njia ya hewa, na la bodi za saruji lina silika inayoharibu mapafu, kwa hiyo vaa barakoa ya vumbi laini inayobana vizuri usoni na uweke kifyonza vumbi, kitambaa hakitoshi.

Kwa hiyo nunua bledi tofauti badala ya moja, na uanze na ile ya akriliki. Hakikisha mizunguko ya juu iliyoandikwa juu yake haipungui ile ya mashine yako. Ikianza kutoa harufu ya kuungua au unga laini badala ya vijichembe, ivue kwanza uondoe plastiki iliyoganda kwenye meno; hali ikibaki vilevile, ipeleke kunolewa.