Kompyuta haisimulii

Swali: Tasnifu yangu nimeiita "Simulizi ya Kompyuta ya Seli za Mafuta kwa Kuongeza Ufanisi". Msimamizi wangu amelikataa neno "mafuta". Nani kakosea? (Mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam)

Jibu: Wewe. Najua utasema gari nalo hutiwa mafuta. Sawa, lakini seli za mafuta ninazozijua mimi ziko kiunoni mwangu, na daktari wangu hazipendi. Hizo zako, tangu majaribio ya mwanasayansi William Grove ya 1839, hulishwa haidrojeni na oksijeni, zikatoa umeme na maji. Andika "seli za fueli". "Seli" asili yake ni Kilatini, chumba kidogo. "Fueli" tumeichukua kwa Waingereza. Yameisha.

Ila huyo msimamizi kaona mafuta, "simulizi" kairuka! Simulizi ni ya bibi: paukwa, pakawa. Kompyuta yako ilikaa mkekani ikaanza, "Hapo zamani za kale Haidrojeni aliishi kwa Anodi, upande mmoja wa seli, akazaa pacha, Protoni na Elektroni. Protoni akapenya utando. Elektroni akanyimwa njia, akazunguka kwa waya akinung'unika, na huko njiani akawasha taa. Wakakutana kwa Katodi, upande wa pili, wakamkuta Oksijeni, wakawa maji"? Hadithi tamu, wajukuu wangu wataipenda. Lakini siyo uliyoifanya.

Ulichofanya ni kuandika milinganyo, ukaipa kompyuta joto, unyevu na kanieneo (presha), ukatazama volti zinavyoporomoka mkondo wa umeme ukiongezwa. Maji yakizidi, vinyweleo vinaziba na oksijeni haifiki. Yakipungua, utando unakauka na protoni hazipiti vizuri. Umeyajua hayo bila kununua hata gramu ya platini, ile metali ghali ya ndani ya seli. Huko ni kuiga, kwa hiyo ni uigaji. Mtoto anayepika mchanga kwenye kifuu anaiga, wala hasimulii chochote. Kilatini kilichozaa lile neno la Kiingereza, "simulation", kilimaanisha kujifanya. Kwa "kusimulia" limefanana sauti tu, nanyi mkakimbilia kuozesha.

"Modeli" nayo, jina la hiyo milinganyo yako? Iache. Nilipigania "kielelezo" miaka mingi, nimechoka.

Andika: "Uigaji wa Seli za Fueli kwa Kompyuta ili Kuongeza Ufanisi". Na msimamizi nisalimie, umuulize simulizi aliipitishaje.