Lubiri ya Mengo kwa kiti cha magurudumu: mlete mama

Dada umeuliza kama mama anaweza kutoka Mwanza aje Kampala aione Lubiri, ikulu ya Kabaka mfalme wa Buganda, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mlete. Mimi naishi huku, miguu yangu ilipooza kwa polio tangu utotoni, na Lubiri nimeizunguka mpwa wangu akinisukuma. Hao wanaokutisha kwa habari za ngazi hawajafika. Twekobe, lile jumba lenyewe, watalii hawaingii. Mwenye miguu na mwenye magurudumu wote wanalitazamia nje. Cha kujipanga nacho ni ardhi.

Ziara kwa kawaida huanzia Bulange, lilipo bunge la Buganda, na tiketi mnakata hapo. Ulizeni mapema mwongozaji anayejua Kiswahili, maana wengi wamezoea Kiingereza na Kiganda. Kutoka Bulange hadi lango la Lubiri ni barabara moja ya lami iliyonyooka, Kabaka Anjagala, kama maili moja hivi, na pembeni mna alama za koo za Baganda. Njiani kuna kipilefti chenye lango katikati. Kabaka peke yake ndiye hupita humo moja kwa moja, wengine wote tunazunguka. Nilifurahi pale: angalau mara moja nazungushwa pamoja na kila mtu, wala si kwa sababu ya kiti changu.

Maili hiyo msiisukume, boda boda za Kampala hazina simile. Kodini spesho, yaani teksi yenu peke yenu, na kabla ya kupatana bei mwambieni dereva afungue buti mwone kama kiti kinaingia. Dereva mmoja alitaka nilipie kiti changu kama gunia la mkaa. Tukabishana hadi akaacha. Uganda ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020, inayokataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake anapopewa huduma, na kuitaja kwa sauti ya upole husaidia.

Ndani ya ukuta ni nyasi na njia za udongo mwekundu. Kiti cha hospitali, kile chenye vigurudumu vidogo mbele, huzama na kumtupa mtu kifudifudi. Mimi natumia cha magurudumu matatu, la mbele likiwa limetangulia mbali kidogo, kwa hiyo hakipinduki ovyo. Kama mama ana cha hospitali tu, anayesukuma akilaze nyuma kiende kwa magurudumu makubwa peke yake, au akivute kinyumenyume. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua huugeuza udongo huo kuwa gundi. Njooni Januari au Julai.

Sasa kwenye vyumba vya mateso vya Amin, humo humo ndani ya Lubiri. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Rais Milton Obote, Idi Amin akiliongoza, liliivamia Lubiri. Kabaka Muteesa wa Pili akaponyoka, akaishia Uingereza, na akafia London mwaka 1969. Lubiri ikawa kambi ya jeshi. Baadaye, zama za Amin, ghala la silaha lililochimbwa ardhini likageuzwa mahabusu ya kuulia watu. Ujia wa mbele ya vyumba ulijazwa maji yaliyotiwa umeme, asitoroke mtu. Mama wa Mwanza hahitaji kuelezwa Amin ni nani, vita vya Kagera anavikumbuka. Pengine hapa ndipo anapotaka kupaona kuliko Twekobe, au ndipo asipotaka kabisa. Muulizeni kabla hamjafika.

Njia ya kwenda huko ni mteremko. Kiti kishushwe kinyumenyume, msukumaji akiwa upande wa chini, mgongo wa mama ukimwelekea yeye, na mtu wa pili ashike mbele. Mfungeni kiunoni. Vijana wakijitolea kumbeba juu juu pamoja na kiti, kataeni: mmoja akiteleza wote mnaanguka. Mimi niliishia mlangoni. Mle mna giza na unyevu, na maelezo ya mwongozaji yaliniingia vizuri tu palepale nilipokuwa. Kurudi juu mpwa wangu alipumzika kila hatua chache, kwa hiyo msije na msukumaji mmoja.

Choo, mama amalizie hotelini. Sehemu za kale msitegemee chenye mlango mpana.

Mkibaki na nguvu, Kasubi haiko mbali. Ilikuwa ikulu ya Muteesa wa Kwanza, ikajengwa mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 ikawa kaburi lake, kisha la Makabaka wengine watatu waliokuja baadaye. Nyumba kuu iliungua Machi 2010. UNESCO iliutoa urithi huo kwenye orodha ya hatari mwaka 2023. Desturi ya pale ni kuvua viatu na kukaa chini kwenye mikeka, kwa hiyo swali la magurudumu yaliyopita kwenye matope liulizeni langoni, kwa adabu, kabla mlinzi hajawauliza ninyi. Mama akiweza kushushwa mkekani atakaa sawa na wenzake wote. Wanawake hufunika miguu, na khanga inatosha, ila pindo zake azikalie, zisije zikanasa kwenye spoku.